Pikapu kuukuu ya Malindi: supachaja, turbo au injini nyingine?

Kila msimu wa maembe ukikaribia, wenye pikapu kuukuu huanza kuuliza swali moja gerejini: nilitie nini gari hili lipate nguvu? Siku hizi vijana hujibu haraka kwamba dawa ni supachaja, kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini, kwa sababu wameona kwenye simu pikapu za Marekani zikinguruma na kutoka mbio. Wengine husema turbo, inayosukuma hewa hivyohivyo ila kwa nguvu ya moshi wa injini. Mafundi wa makamo, wakiwa bado wameinama ndani ya boneti, husema badilisha injini. Turbo na injini nimezilipia mwenyewe kwenye Hilux ya dizeli inayobeba maembe na nazi kutoka Marafa hadi Malindi, na mara nyingine hadi soko la Kongowea, Mombasa. Hapa nazipanga zote, kuanzia ile ambayo ningeinunua tena kesho.

Nazungumzia Hilux za dizeli kwa sababu ndizo zilizojaa barabara zetu. Mwenye gari la aina nyingine atapata mengi ya kumfaa, ila majina ya injini yatakuwa mengine.

Lakini kabla hujatoa shilingi, ingia chini ya gari na nyundo ndogo. Hewa yetu ina chumvi, na chesisi huoza kutoka ndani, hasa pale springi za nyuma zinaposhikiliwa na nyuma ya kabini. Gonga polepole. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti iliyokufa na maganda ya kutu hudondoka. Gari la namna hiyo halistahili injini yoyote mpaka chesisi itengenezwe. Baada ya hapo fungua rejeta. Visima vingi vya Malindi vina maji ya chumvi, na ndiyo hayo tunayojazia rejeta miaka nenda miaka rudi. Yanaacha ukoko ndani ya mirija yake, maji hayazunguki, injini inachemka, kisha tunasema gari limeishiwa nguvu. Tafuta maji ya bomba yasiyo na chumvi na uyachanganye na dawa ya rejeta. Badilisha chujio la hewa na la dizeli, na peleka nozeli zikapimwe. Nawajua watu waliofanya hayo tu wakaacha kabisa kutafuta injini.

Nafasi ya kwanza: injini kubwa zaidi ya ukoo uleule

Kama gari lako lilitoka kiwandani na injini ya Toyota iitwayo 2L, nayo imechoka kweli, nunua 3L au 5L. Hizi ni ndugu wa tumbo moja. 2L ina ujazo wa cc 2,446, 3L cc 2,779, na 5L cc 2,986. Toyota ilipanua silinda na kurefusha mwendo wa pistoni, lakini umbo la nje likabaki karibu lilelile, kwa hiyo injini mpya hukaa kwenye vishikio vya zamani na giaboksi yako huendelea kutumika. Hukati chuma, huunganishi nyaya. Pampu ya dizeli ya 3L na ya 5L ya kawaida haihitaji kompyuta. Angalia tu usiuziwe 5L-E ukidhani ni ileile: hiyo pampu yake huongozwa kwa umeme, na bila kompyuta na nyaya zake haitawaka.

Usitarajie gari la mashindano. Faida utaiona unapoondoka na mzigo kwenye mchanga, au unapopanda mlima kwa gia ya tatu mahali ulipokuwa ukirudi ya pili. Kwa mtu anayebeba tani moja ya maembe, hiyo ndiyo nguvu inayolipa. Na kuna jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko nguvu yenyewe: injini hizi kila fundi wa pwani anazijua. Ukikwama Gongoni au Garsen saa mbili usiku, atakayekuja na tochi amewahi kuzifungua. Spea nyingi zipo Malindi mjini, na isiyopatikana hupakiwa kwenye basi kutoka Mombasa, mwendo wa kilomita kama 120, ukaipokea siku hiyohiyo.

Injini utakayoipata ni ya mtumba, kutoka Japani au kupitia Dubai, kwa hiyo uangalifu wote uweke hapa. Nenda na fundi wako mwenyewe, asiwe wa muuzaji. Sema mapema kwamba unataka kuiona ikiwashwa ikiwa baridi. Ukiikuta imeshapashwa moto, rudi siku nyingine. Ikiwa inanguruma, fungua kifuniko cha kutilia oili. Mvuke kidogo si neno, lakini ikipumua kwa kishindo na kurusha oili, ringi zimekwisha. Moshi mweusi ukikanyaga ghafla hutibika kwa nozeli na pampu, lakini wa buluu usiokoma ni oili inayoungua. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani: ondoka. Kisha omba silinda zipimwe mgandamizo. Zote nne zinapaswa kukaribiana, na tofauti ikizidi bar 5 hivi, usinunue hata kama bei inavutia. Hakikisha inakuja na pampu yake, stata na altaneta, na neno la kurudishiwa au kubadilishiwa liandikwe kwenye risiti. La mdomoni utakuja kulitafuta usilione.

Kabla haijapandishwa, weka mkanda wa taimingi mpya, pampu ya maji na sili za mbele na nyuma. Injini ikiwa chini, kazi hiyo ni ya saa chache. Mkanda huu hubadilishwa kila kilomita 100,000, na wewe hujui wa mtumba umetembea ngapi. Ukikatika, valvu hugonga pistoni na pesa yako yote imekwenda.

Nafasi ya pili: kuifufua uliyonayo

Kama unaijua injini yako tangu zamani, haijawahi kuchemka, na inachofanya ni kula oili na kuwaka kwa shida asubuhi, ifungue. Silinda zitobolewe kwa saizi inayofuata, pistoni na ringi mpya, beringi mpya, valvu zisagwe. Nambari ya injini inabaki ileile, hivyo hakuna safari ya kubadilisha karatasi. Nimeiweka ya pili kwa sababu inategemea mno mkono wa aliyetoboa na aliyepima, na gari hukaa kitako kwa wiki nyingi. Silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, ikikutwa na ufa, nunua nyingine. Ya kuchomelewa haitamaliza msimu.

Nafasi ya tatu: 1KZ-TE

Hii ndiyo injini inayotamaniwa: cc 2,982, turbo ya kiwandani, na nguvu ya kuvuta inayoipita 5L kwa mbali. Kwa anayepanda Nairobi kila wiki na mzigo, naielewa hamu yake. Lakini hapa hununui injini peke yake. Unahitaji kompyuta, nyaya zote, kanyagio lake na vipimo vyake, na njia salama ni kununua sehemu yote ya mbele ya gari lililokatwa nusu, pamoja na giaboksi. Propela shafti huenda ikabidi ikatwe au irefushwe, vishikio vitengenezwe, rejeta iwe kubwa zaidi. Breki nazo zisisahaulike, kwa maana gari litakalokimbia zaidi na mzigo uleule lazima lisimame pia. Hedi ya injini hii ina sifa ya kupasuka ikichemka, hata mara moja. Kwa hiyo usiinunue kama mfumo wa maji bado ni wa kubahatisha, na uliza kwanza ni fundi gani Malindi ana mashine ya kuisoma kompyuta yake.

Nafasi ya nne: turbo kwenye injini isiyozaliwa nayo

Hapa nililipia somo. Niliuziwa turbo ya mtumba ikafungwa kwenye 2L yangu iliyokuwa na umri mkubwa. Kwa wiki mbili nilifurahi kweli. Kisha likaja jua la kaskazi, maembe yamejaa hadi juu ya mbao, na tulipokuwa tunarudi kutoka Marafa mshale wa joto ukapanda bila kusita. Hedi ilipasuka baina ya valvu, ugonjwa ambao 2L inajulikana nao hata bila turbo. Mzigo ulihamishiwa kwenye gari la watu, nusu ukaharibika.

Sababu ni rahisi kuielewa. Injini hizi hugandamiza hewa kwa zaidi ya 22 kwa 1. Ukiongeza hewa na dizeli juu ya mgandamizo huo, joto na shinikizo vyote huangukia hedi, gasketi na pistoni. Turbo yenyewe huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika juu ya utando mwembamba wa oili, kwa hiyo inataka oili safi na injini iachwe ingurume kidogo kabla ya kuzimwa. Kama umeamua lazima, ifunge kwenye 5L nzima, si 2L iliyochoka. Weka shinikizo dogo, kipoza hewa inayoingia kwenye injini, na kipimo cha joto la moshi wa ekzosi. Mafundi wengi wa dizeli hawapendi kipite nyuzi 700. Bila kipimo hicho utajua umezidisha siku hedi inaposhushwa.

Nafasi ya tano: supachaja

Supachaja husukuma hewa ndani ya injini kama turbo, tofauti ni kwamba huzungushwa na mkanda kutoka kwenye injini yenyewe, wakati turbo hutumia moshi unaotoka. Raha yake ni kwamba nguvu huja papo hapo unapokanyaga. Gharama yake ni kwamba inakula sehemu ya nguvu hiyohiyo ili izunguke. Zilizotengenezwa vizuri kwa ajili ya pikapu za Toyota zilikuwa za injini za petroli, kama ile ya TRD, kitengo cha Toyota cha magari ya mashindano, iliyofungwa kwenye V6 ya 5VZ-FE huko Marekani. Kwa dizeli yetu ya 2L au 3L utakuwa unachonga vishikio, unabuni mkanda na kukisia kiasi cha dizeli, halafu spea ikihitajika usubiri mzigo kutoka ng'ambo.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya sita, kwa hiyo injini isiyosukumiwa hewa huhema. Sisi tuko usawa wa bahari. Injini yako hapa inavuta hewa nzito kadiri inavyowezekana. Kinachoitesa Malindi ni joto, na supachaja inaongeza joto.

Karatasi na siku ya kwanza

Nambari ya injini imeandikwa kwenye logbuku. Ukibadilisha injini, weka risiti na karatasi za forodha za injini hiyo, omba mabadiliko NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na upeleke gari likakaguliwe. Ujazo ukibadilika nao uandikwe. Ijulishe kampuni ya bima kwa maandishi, kwa sababu ajali ikitokea na nambari hazilingani, wewe ndiye utakayeulizwa. Na kabla ya kununua, linganisha nambari iliyogongwa kwenye chuma na iliyo kwenye karatasi. Ikiwa imekwaruzwa au kugongwa upya, usiiguse.

Injini ikishakaa, safari ya kwanza iwe Mambrui na kurudi bila mzigo. Ya pili, nusu ya mzigo. Kila jioni iache ipoe usiku kucha, na asubuhi tazama maji na oili kabla ya kuwasha.