Wakili wa Vuga aliyenizuia kumlipa mjomba wangu

Nauza mapazia na mashuka Mchangani, Unguja mjini, tangu 1998, na wateja wangu wakubwa ni mahoteli ya Nungwi na Paje. Aprili 2020, ndege za abiria kutoka nje ziliposimamishwa, hoteli mbili zilikuwa zimeshachukua mzigo wangu wa shilingi milioni 41 bila kulipa. Nami nilikuwa nadaiwa: milioni 38 na muuza jumla, milioni 12 na benki, milioni 6 na mjomba wangu wa Wete, Pemba. Miaka miwili tukazungushana. Mwisho samansi ikaletwa dukani, wateja wanaangalia.

Wakili wa kwanza alichukua pesa, na kila nikimuuliza jibu lilikuwa tarehe nyengine. Huyu wa pili ndiye nnayemwandika hapa. Hapendi jina lake litajwe, basi silitaji. Ni mwanamke wa makamo, ofisi yake iko ghorofa ya pili huko Vuga, na ngazi zake ni mtihani kwa mwenye magoti kama yangu.

Siku ya kwanza kesi hata hakuigusa. Alitaka madaftari na risiti, tukakaa masaa matatu na penseli. Aliwapanga wanaonidai: nani ana rehani, nani ana karatasi tu, nani ana neno la mdomo. Kisha akaniuliza, "Mama, hapa ulitia saini kwa jina la kampuni au la kwako?" Nilidhani nikishasajili kampuni, nyumba yangu ya Kikwajuni imesalimika. Akageuza fomu ya benki, akanionesha saini yangu mwenyewe kama mdhamini. "Kampuni ikizama, hii ndiyo inayokufuata nyumbani." Deni la muuza jumla halikuwa na dhamana hiyo, lile lilikuwa la kampuni peke yake. Tofauti hiyo hakuna aliyewahi kunieleza.

Sasa la mjomba. Nilikuwa nimeuza vyerehani viwili, milioni 6 ziko kwenye mkoba, nataka nimlipe yeye mwanzo niondokane na aibu. Wakili akanikataza. Alisema biashara ikiwa haiwezi kuwalipa wote, kisha ukamlipa jamaa yako ukawaacha wengine, siku kampuni ikifilisiwa mfilisi, yaani anayekabidhiwa mali za kampuni awagawie wadai, anaweza kwenda mahakamani pesa zile zirejeshwe, na mjomba ndiye atakayeburutwa. Nililia. Akanimiminia chai, akaniacha nilie nimalize. Kisha akampigia simu mjomba mbele yangu, akamueleza kwa adabu zote. Mzee akajibu, "Mwambie mwanangu asubiri, mimi sina haraka."

Hoteli moja ililipa milioni 23 baada ya barua yake ya madai na kesi kufunguliwa. Ya pili ilishafungwa, sikupata kitu. Pesa hizo zilimaliza deni la benki, zilizobaki zikawa malipo ya mwanzo kwa muuza jumla. Salio tulikubaliana nilipe kwa miezi 30, makubaliano yakapelekwa mahakamani yakawa hukumu. Aliniambia mara tatu: nikikosa kulipa, hakuna kesi mpya, ni utekelezaji moja kwa moja, yaani mali kukamatwa na kuuzwa. Mjomba alilipwa zamu yake ilipofika. Duka liko wazi.

Nilimuuliza kwa nini aliacha kesi za mirathi na mashamba alizoanzia, akashika za madeni. Alisema aliona dalali wa mahakama akitoa vitu vya duka la baba yake kimoja kimoja. Linalomuuma zaidi ni kuwa watu humfikia mnada ushatangazwa, wakati miezi sita kabla angeweza kuzungumza na wadai.

Ada ilikuwa milioni 3, nililipa kwa mafungu manne, kila fungu na risiti yake. Simu ndiyo tabu, hapokei mpaka jioni. Na mara mbili kesi iliahirishwa nikaambiwa nimeshafika mahakamani. Hilo lilinikera khasa.

Ukenda, chukua risiti zote, hata zilizofifia, na kila karatasi uliyotia saini benki. Ijumaa nenda asubuhi.