Domu la hauzingi: kabla hujatoa hela, ulizia pete

Disemba iliyopita nilienda Mafia na domu jipya la inchi 8, lile kuba angavu la mbele ya hauzingi (boksi la kuzamishia kamera), nimejibana miezi mitano kulinunua, na pale Kilindoni papa potwe walikuwepo wa kutosha, wanakula juujuu tu, yaani bahati gani tena. Jioni nafungua picha kwenye laptopu, potwe katikati safi, hadi madoa yanahesabika, ila mkia ulioangukia kona ya picha umevutika na kuyeyuka kama siagi juani. Picha zote hivyohivyo. Kesho yake Chole Bay ndo nikachoka kabisa, manake pale kona zote ni matumbawe, na kila tumbawe la pembeni limekuwa uji.

Nikailaumu lenzi. Kurudi Dar nikaipeleka kwa fundi Kariakoo, akaniambia dada lenzi yako haina shida, piga hapa nje uone. Kweli, nchi kavu kona kali kabisa. Kumbe shida ni pete, ile inayokaa kati ya domu na hauzingi.

Mnaniuliza kila siku kioo au akriliki, inchi 6 au 8, linashuka mita ngapi. Mita sitaongelea, hauzingi karibu zote zinashuka kuliko cheti chako cha kuzamia. Tuongee pete.

Domu ukilitia majini linageuka lenzi. Kamera haimuoni potwe pale alipo, inaona taswira yake iliyojikunja karibu na kioo. Kwa domu la nusu duara lenye kipenyo cha sentimita 20, hata kitu cha mbali kabisa kinaonekana kama kipo sentimita 30 hivi mbele ya domu, na la inchi 4 ni kama 15. Ndo maana lenzi isiyofokasi karibu haifai, na ndo maana tunabana apacha, upenyo wa mwanga kwenye lenzi, hadi f/8, f/11, saa nyingine f/16. Hayo yanasemwa sana. Kisichosemwa dukani ni kwamba kitovu cha ule mduara wa domu kinatakiwa kikae palepale lilipo jicho la lenzi, lile tundu unaloliona ukiichungulia lenzi kwa mbele, na kila lenzi jicho lake lipo mahali pake. Kinachosogeza domu mbele au nyuma ni hiyo pete ya kurefushia. Ikiwa fupi kona zinavutika, ikiwa ndefu sana kona zinakuwa nyeusi kwa sababu lenzi imeanza kuona ukingo wa poti (dirisha la mbele la hauzingi, liwe domu au bapa). Mimi nilipewa ya milimita 30, lenzi yangu pana ya 16-35 inataka zaidi ya mara mbili ya hiyo.

Kupima ni bure. Nenda kwenye bwawa lenye vigae, zamisha domu nusu, piga ukuta kwa f/16. Mistari ya vigae ikipita kwenye usawa wa maji bila kukatika wala kupinda, pete yako sawa. Ikivunjika pale maji yanapoanzia, rudi kwa aliyekuuzia.

Sasa ninavyozipanga lenzi na poti zake, kuanzia ninayoipenda zaidi. Ya kwanza lenzi ya majini ya Nauticam, WWL-1, na sifichi, Nauticam wa Hong Kong nawapenda, hawanilipi, sina hata stika yao. Nawapenda kwa sababu wanatoa chati, lenzi hii, poti hii, pete milimita kadhaa, basi, humuulizi mtu. WWL-1 yenyewe inakaa nje ya poti bapa, ndani unaweka lenzi ya Sony 28-60, ile ndogo inayokuja na kamera na watu wanaidharau, na unapata upana wa nyuzi 130 huku kona zikiwa nzuri kuliko domu langu na makelele yake yote. Ukishazama ilegeze kidogo utoe mapovu yaliyonasa katikati, la sivyo utarudi na picha zenye matone. Poti nayo iwe ile iliyoandikwa kwenye chati, hata hapa urefu ni urefu. Bei inauma, zaidi ya dola elfu moja, na picha za nusu maji nusu hewa usahau.

Ya pili ni fishai, lenzi pana sana inayopinda mistari, na domu dogo, la milimita 140 au hata 100. Canon 8-15 kwa sensa kubwa, Tokina 10-17 kwa sensa ndogo ya APS-C. Fishai haijali kunyoosha mistari kwa hiyo inaelewana na ile taswira iliyojikunja, unamsogelea kasa hadi karibu agonge kioo na kona zinatulia. Ila mlingoti wa jahazi utapinda kama upinde.

Ya tatu ndo 16-35 na domu kubwa, la milimita 230 kama mfuko unaruhusu. Hii ninaiweka kwa ajili ya nusunusu tu, zile picha za kisiwa cha Misali, mchanga juu matumbawe chini. Domu kubwa limejaa hewa, linanyanyua pua ya kamera juu dakika zote 50 za kuzamia, mkono unakufa ganzi. Sea&Sea wana lenzi ya kurekebishia inayofungwa kama filta, inasaidia kona kweli. Ikelite wa Marekani domu lao la akriliki la inchi 8 ni jepesi, na mikwaruzo ya nje wala isikutishe, maji yanaifunika, na ikizidi unaisugua inaondoka. Ila ukipiga nusunusu kwenye jua, mikwaruzo hiyo ndo itakuumbua.

Hauzingi za bei rahisi, Sea Frogs ipo, anza nayo ukiwa huna hela, tumia fishai. Domu la GoPro ni la nusunusu, ukilizamisha kabisa hupati cha maana.

Kinachonikera ni muuzaji. Nilimuuliza mara tatu, hii pete ni ya 16-35? Akanijibu inaingia tu dada, zote saizi moja. Kuingia inaingia! Hata chupa ya maji ingeingia. Nimemrudia ananiambia nifunge apacha zaidi, halafu pete sahihi anayo, kwa bei ambayo kule wanakotengeneza ungenunua mbili. Ukiagiza mwenyewe unakutana na VAT 18%, na wakala anayekuambia "njoo na hela kidogo ya kuharakisha" kwa mzigo uliokaa wiki mbili.

Domu langu la inchi 8 lipo, lina mkwaruzo mmoja, linauzwa. Pete ya milimita 30 nakupa bure, ila usiniulize ni ya lenzi gani.