Uzoefu wangu na gauni la harusi la kukodi Dar: inchi mbili na nusu zilizopotea

Nimefunga ndoa Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka, na tangu hapo wadogo zangu watatu wameshaniuliza gauni nililitoa wapi. Naandika mara moja ili nisirudie. Duka silitaji, maana kelele zilishaisha na wao walinirudishia kiasi fulani. Ila kilichotokea nakisema chote.

Nianzie kwenye kuchagua. Kununua nilikufikiria wiki nzima. Lililonipendeza la kuagizwa kutoka Uturuki lilikuwa linagonga milioni moja na laki nane, na bado sijalipia mzigo. Mama mdogo akaniuliza baada ya harusi nitalivaa wapi, nikakosa jibu. Basi tukaingia kwenye kukodi. Tulianza Kinondoni, tukamalizia Sinza, maduka sita kwa Jumamosi mbili za Januari, kila moja gauni linaitwa jipya na kila bibi harusi anaitwa mrembo.

Asiyejua utaratibu wa kukodi ajue hivi: gauni lile lile lina bei mbili. Ukiwa mvaaji wa kwanza unalipa karibu mara mbili ya atakayekuja baada yako. Mimi sikuona sababu ya kulipia heshima ya uzinduzi, nikachukua lililokwishavaliwa. Laki tano, pamoja na shela, taji na gaguro (ile sketi ya ndani ya kulijaza gauni), na dipoziti laki na nusu ya kurudishiwa.

Lakini kabla ya hilo nilikuwa nimeshaling'ang'ania jingine, la kubana kama samaki, linabana hadi magotini kisha linaachia. Kwenye kioo nilikuwa mtu mwingine. Mama mdogo hakusifia wala kuponda, akasema tu, "Kaa." Nikakaa nusu. "Haya inuka, ingia ukumbini unacheza." Nikachukua hatua tatu za vidole vya miguu kama nakwepa mbigili. Muuza duka alikuwa wa kwanza kucheka. Tukachukua la kujaa, kifua cha lesi, sketi ya satini yenye neti juu, mkia wa kama mita moja na nusu. Zipu ilipanda hadi juu bila mtu kunishika kiuno. Nikaandikiwa risiti, nikapiga picha tatu za mbele, nikaondoka nikijiona nimemaliza.

Hapo ndipo kosa langu lilipo. Nilipiga picha za mbele tu. Ndani sikuangalia.

Mnajua Kwaresma hakuna harusi, kwa hiyo wiki za kabla ya Jumatano ya Majivu maduka haya yanafanya kazi kama daladala ya saa kumi na mbili. Gauni langu nalo likapakiwa abiria. Bibi harusi mmoja mwembamba kuliko mimi alilikodi Februari, wakalipunguza limkae. Mimi sikuambiwa. Nilirudi kujaribu mara ya mwisho Jumatano ya Wiki Takatifu, siku kumi kabla ya ndoa, na zipu ikagoma katikati ya mgongo. Mdogo wangu akavuta upande huu, dada wa duka upande ule, mimi nimepandisha pumzi hadi shingoni. Haikupanda.

Sikiliza ushauri niliopewa: "Dada, usile wanga siku hizi, halafu vaa taiti mbili." Siku kumi! Nikaomba waliachie tu lirudi lilivyokuwa. Dada akaenda nyuma kwa fundi wao, akarudi na gauni jingine mkononi, la rangi ya krimu, eti hili ndilo lililoandikiwa mwili wangu. Nikajua kuna jambo.

Gauni langu nililitoa pale kwa kuongeza dipoziti ya elfu hamsini, wakanisainisha karatasi kwamba halitakatwa sehemu inayoonekana, nikampelekea mzee mmoja fundi Magomeni aliyekuwa akimshonea mama tangu sijazaliwa. Hana bango. Ana cherehani ya miguu, ovaloki moja ya kuziba kingo za kitambaa zisichanike nyuzi, na redio.

Mzee hakunitazama mimi wala hakutazama lesi. Aligeuza gauni ndani nje, akafuata mshono wa ubavuni kwa kidole gumba toka kwapani hadi nyongani, kisha akaniita nione. "Mwanangu, hapa palikuwa na kitambaa. Wamekikata." Kweli, pembeni ya mshono palibaki ukingo mwembamba kama uzi wa kiatu, umepitishwa ovaloki safi kabisa. Akanionyesha gauni jingine alilokuwa analishona, ubavuni ameacha zaidi ya inchi nzima kila upande imelala imekunjwa. Ile ndiyo akiba. Fundi anayepunguza gauni la kukodi hukunja na kuacha, kwa sababu kesho atakuja mnene. Anayekata amefanya kazi ya siku moja.

Na hata kama akiba ingekuwepo, akasema, satini haina msamaha: ukifumua mshono wa zamani matundu ya sindano yanabaki yamepanga mstari, na taa za ukumbini zinayaona. Lesi ndiyo inayoficha. Kwa hiyo ubavuni hagusi. Akanipima kwa futi yake: zilizokosekana inchi mbili na nusu kifuani, kiunoni mbili. "Tutazitafuta mgongoni."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Alifumua zipu yote. Akakata satini vipande vya mshazari, vyembamba, akavishona na kuvigeuza kwa sindano hadi vikawa kama tambi, akavikata vitanzi kumi na kimoja kwa kila upande. Kabla ya kuvishona akatia vijiti vya plastiki kwenye kingo mbili za mgongo. Nikauliza vya nini. Akachomoa kimoja, akavuta ukingo, mgongo ukajikunja kama kanga iliyokaliwa. Akakirudisha, akavuta tena, umenyooka. Hakuongeza neno. Katikati akatia kipande cha kuziba ngozi, kisha kamba ndefu ya satini inapita kama ya kiatu, inafungwa chini kwa upinde.

Kile kipande cha kuziba ndicho kilichotupeleka Kariakoo. Mtu akikwambia nyeupe ni nyeupe hajawahi kutafuta kitambaa cha kulingana na gauni la harusi. Mzee alinikatia kibaki kidogo kama kucha kutoka kwenye bitana ya ndani ya satini ileile, nikazunguka nacho maduka ya vitambaa kwenye mvua ya masika. Chini ya taa ya duka majora manne yote yalilingana. Muuzaji mmoja, Mungu ambariki, akabeba jora begani akatoka nalo hadi mlangoni penye mwanga wa nje. Mawili yakageuka ya bluu, moja likawa na njano ya maziwa. Lililobaki ndilo. Nusu mita ilitosha, nikanunua mita nzima kwa uoga.

Jumapili ya Pasaka mzee alikuwa kazini. Yeye ni Mwislamu, alikuwa amefunga banda Ijumaa kwa muda wa swala tu, nami nikashukuru kimoyomoyo, maana nilikouliza kwingine kote niliambiwa nirudi Jumanne.

Kuna siku mzee alinifukuza. Nilikwenda kupimwa urefu nimevaa ndala. "Viatu vya harusi viko wapi? Gaguro liko wapi?" Nikarudi nyumbani kwa bodaboda kuvichukua. Gaguro lenye waya linainua sketi, kiatu kinakuinua wewe, na visipokuwepo vyote viwili anapima hewa. Baada ya kuvivaa sketi bado ilizidi inchi moja na nusu mbele. Pindo la chini lilikuwa na lesi imezunguka, ukilikata umeua gauni. Akapandishia kiunoni: akakunja kitambaa chini ya mkanda, akashona kwa mkono mishono mirefu ya kufumuliwa kirahisi, kisha mkanda ukafunika. Hakuna kilichokatwa, na karatasi niliyosaini ikabaki salama.

Mambo mawili mengine sikuwa nimeyafikiria. Kwenye mafundisho ya ndoa katekista alitusisitiza mabega yafunikwe kanisani, na gauni langu halina mikono. Mzee akashona kikoti kifupi cha lesi, kinavuliwa baada ya ibada. Lesi yake ilikuwa mita moja na nusu, elfu arobaini na tano, ufundi elfu thelathini na tano. Hiki ni changu, nimeshakivaa na gauni jingine kwenye ubatizo.

La pili ni mkia. Aliweka vifungo vitano vidogo nyuma kiunoni, vimefichwa kwenye maua ya lesi, na vitanzi vitano upande wa chini wa mkia. Unainua, unafunga, mkia unakuwa kama umepandishwa mawimbi na ardhi hauigusi. Mdogo wangu alimrekodi kwa simu jinsi ya kufunga, akamtumia matroni wangu, ambaye alifanya mazoezi na shuka nyumbani kwake. Tulipofika ukumbini alifunga vyote kwa dakika mbili mlangoni huku MC anatuita. Niliingia nikicheza kutoka mlangoni hadi meza kuu bila mtu kunikanyaga. Nimewahi kuwa mpambe wa rafiki yangu, najua ninachosema.

Asubuhi ya ndoa ilinyesha. Watu wawili walinibebea mkia kutoka kwenye gari hadi mlango wa kanisa na bado inchi kama tatu za chini zilirudi na rangi ya chai ya maziwa. Kamba za mgongo nilizibana kanisani, nikazilegeza kidogo kabla ya kula. Zipu isingenipa hiyo.

Mzee alinidai laki moja na ishirini kwa mgongo, urefu na mkia kwa pamoja. Nikampa na zawadi juu.

Jumatatu tukarudisha. Duka likataka kushika dipoziti yote laki mbili: matope, na kubadilisha gauni. Nikatoa risiti yao, imeandikwa kabisa kufua ni juu ya duka. Kuhusu kubadilisha, nikaligeuza ndani nje mezani kama mzee alivyonifundisha, nikawaonyesha ule ukingo mwembamba, nikauliza nani alikata. Dada wa duka akamwita bosi. Bosi akalipapasa, akavuta kamba, akalegeza, akavuta tena. Akanirudishia laki moja na sabini.

Kwa duka natoa nyota mbili: moja kwa gauni lenyewe, moja kwa kuzirudisha hela bila polisi. Mzee wa Magomeni namba yake siiweki hapa, hana uwezo wa kupokea foleni. Lakini ukienda kukodi popote, omba uligeuze. Wakisita, uliza mara ya mwisho limepunguzwa lini na nani, na waandike kwenye risiti kwamba halitapunguzwa kwa mtu mwingine kabla ya siku yako. Picha piga na za ndani, ukiweka futi pembeni ya mshono.

Wiki iliyopita mdogo wangu amenitumia tangazo la duka hilohilo. Gauni langu lipo, limefuliwa, limevalishwa sanamu iliyogeuziwa mgongo ili kamba zionekane. Wameandika "mgongo wa kamba, linakaa saizi zote." Kulikodi sasa ni laki saba.