Kulipia tena viongezeo nilivyokuwa navyo: uzoefu wangu wa kuhamia toleo jipya la programu ya kutengenezea gemu

Mwezi Julai 2019 nililipa dola 210 ili gemu yangu ya bao iendelee kufanya kilekile ilichokuwa ikifanya mwezi Juni. Naandika tathmini hii kwa ajili ya wenzangu wanaotengeneza gemu, hasa walio karibu kununua programu ya aina hii kwa mara ya kwanza, kwa sababu gharama iliyonikuta haikuwa ya programu yenyewe bali ya viongezeo vyake, ambavyo nilikuwa nimekwisha kuvilipia miaka minne kabla. Jina la kampuni sitalitaja, kwani utaratibu ninaoueleza haukuwa wa kampuni moja tu.

Programu hiyo niliinunua mwaka 2015 kwa dola 120. Kwa bei hiyo niliweza kutengeneza gemu za kompyuta za Windows na si zaidi. Kiongezeo cha Android, yaani sehemu inayoigeuza kazi iliyokamilika kuwa faili linaloweza kusakinishwa kwenye simu, kilikuwa dola 150, na cha wavuti, kinachotoa gemu inayochezwa ndani ya kivinjari, kilikuwa dola 100. Baadaye nikanunua programu jalizi tatu, yaani vipande vidogo vya kuiongezea programu uwezo fulani, kwenye soko la kampuni hiyohiyo, zilizoandikwa na watu binafsi: ya matangazo kwa dola 25, ya sauti kwa dola 15, na ya kuwaunganisha wachezaji wawili walio mbalimbali kwa dola 40. Jumla ilikuwa dola 450, na katika hizo zaidi ya dola 300 zilikwenda kwenye vitu vya kuongezea. Wakati ule sikuliona jambo hilo kuwa na uzito wowote. Nilijiambia kwamba nimenunua mara moja na nimemaliza, kwa kuwa kila risiti ilikuwa na maneno yaliyosema kwamba leseni ni ya kudumu.

Kwa miaka minne sikuwa na malalamiko, na itakuwa si haki nikiyapita mazuri ya programu hiyo. Bao la kete lina mashimo 32 na kete 64, na kazi ngumu ya kulileta kwenye simu ni kuonyesha kete zikisambazwa shimo baada ya shimo bila mchezaji kupoteza hesabu kwa macho. Programu ilinirahisishia sana kazi hiyo. Niliweza kubadilisha mwendo wa kete, kuchomeka simu kwenye kompyuta na kuona mabadiliko ndani ya dakika moja. Maelekezo yake yalikuwa yameandikwa kwa uangalifu, yakiwa na mfano kwa kila amri, na kompyuta yangu dhaifu haikulemewa nayo. Kama ningeulizwa mwaka 2018, ningempendekezea kila mtu.

Kilichonilazimisha kuhama hakikutoka kwa kampuni hiyo. Google walikuwa wametangaza tangu Desemba 2017 kwamba kuanzia tarehe 1 Agosti 2019 kila gemu mpya na kila sasisho litakaloingizwa Google Play, likiwa na msimbo (amri za programu) uliotafsiriwa moja kwa moja kwa ajili ya prosesa ya simu, lazima liwe na toleo la biti 64 pamoja na lile la biti 32; namba hizo hueleza kiasi cha data ambacho prosesa hushughulikia kwa mkupuo mmoja. Gemu zilizotengenezwa kwa Unity 5.6, programu nyingine ya kutengenezea gemu, au matoleo ya nyuma yake ziliongezewa muda hadi Agosti 2021, lakini yangu haikuwa miongoni mwa hizo. Kiongezeo changu cha Android kilijua kutoa faili la biti 32 tu. Gemu iliyokuwa tayari dukani haikuondolewa, ila mimi nisingeweza tena kuirekebisha, hata kama mchezaji angenionyesha kosa katika kanuni za mtaji, yaani hatua ya pili ya mchezo wa bao. Na kufikia Agosti 2021 duka lingeacha kabisa kuitoa kwa simu zenye uwezo wa biti 64, ambazo ni takriban kila simu inayouzwa leo.

Toleo jipya la programu lilikuwa na uwezo wa biti 64. Barua ya kampuni ilisema kwamba wateja wa zamani wangelipa nusu bei, nami niliipokea kwa furaha. Nilipofika kwenye ukurasa wa malipo nikaona kuwa nusu hiyo ilihusu programu tupu, dola 60. Kiongezeo cha Android kilikuwa dola 130 na cha wavuti dola 90, na hapakuwa na chochote kilichoonyesha kwamba mfumo unatambua kuwa nilikuwa navyo vyote viwili. Akaunti ilikuwa ileile, barua pepe ileile, na orodha ya leseni zangu za zamani ilikuwa ukurasa mmoja tu nyuma ya pale nilipokuwa.

Niliwaandikia huduma kwa wateja nikidhani kuna hitilafu. Jibu lilikuja baada ya siku mbili, la heshima na fupi: viongezeo vimefungwa kwenye namba kubwa ya toleo (ile inayobadilika toleo jipya kabisa linapotoka), leseni yangu ya zamani inabaki kuwa yangu daima, na naweza kuendelea kuitumia kwa muda wowote nitakaopenda. Kila neno katika jibu hilo lilikuwa kweli. Hata leo naweza kuifungua programu ile na kutoa faili la Android, lakini faili hilo halipokelewi kwenye duka ambalo ndilo sababu pekee ya mimi kukinunua kiongezeo. Wala sikuwa nimeomba kitu kipya. Niliomba haki ileile ya kutoa gemu ya Android, kwa gemu ileile, katika akaunti ileile.

Nimelifikiria sana jambo hili tangu wakati huo, na nakubali kwamba upande wa pili una hoja nzito. Kukitunza kiongezeo cha Android si kazi ya mara moja. Kila mwaka Google hutoa Android mpya, hubadilisha zana za watengenezaji na huinua kiwango cha chini kinachokubaliwa dukani; mwaka huohuo wa 2019 gemu zilitakiwa pia kulenga Android 9. Kuna watu wanaolipwa mishahara kuyafuatilia mabadiliko hayo, na dola 150 nilizotoa mwaka 2015 haziwezi kumlipa mtu hadi leo. Kosa ninaloliona liko kwenye namna ya kuuza. Kitu kinachohitaji matengenezo kila mwaka kiliuzwa kana kwamba ni jembe, ambalo ukishalinunua ni lako mpaka liishe makali. Kama ningeambiwa tangu mwanzo kwamba dola 150 ni za miaka mitatu ya Android, ningepanga bajeti yangu hivyo na ningelipa bila kinyongo. Kwa mwaka mzima wa 2018 matangazo ndani ya gemu yalikuwa yameniingizia dola 340. Gharama kamili ya kuhama, ikiwa ningevichukua viongezeo vyote viwili, ilikuwa dola 300.

Nikakiacha kiongezeo cha wavuti. Watu waliokuwa wakilicheza bao langu kwenye kivinjari walikuwa wachache, ingawa miongoni mwao walikuwamo wazee walioniandikia kwamba simu inawatesa macho, na kuwaambia kwamba toleo lao halitapata tena marekebisho hakukunipa raha.

Programu jalizi tatu zilinipa picha tofauti kabisa, na hapa ndipo nilipojifunza mengi zaidi. Mwandishi wa ile ya matangazo aliniruhusu kupakua toleo jipya bila malipo. Mwandishi wa ile ya sauti hakupatikana tena. Ukurasa wake ulikuwepo, lakini sasisho la mwisho lilikuwa la mwaka 2016, hivyo dola 15 zangu zilipotea. Bahati nzuri toleo jipya la programu lilikuwa limeboresha sauti kiasi kwamba niliziba pengo kwa kazi ya jioni mbili. Mwandishi wa jalizi ya kuunganisha wachezaji alitaka dola 20, nusu ya bei ya awali, nami nilimlipa siku hiyohiyo. Alikuwa ameandika ukurasa mzima akieleza kwamba msimbo wa zamani ulitegemea maktaba (mkusanyo wa msimbo ulioandikwa tayari) ya biti 32, kwamba ameuandika upya, ni simu zipi ameujaribia, na ni amri zipi nitakazopaswa kuzibadilisha kwenye gemu yangu. Nilijua ninalipia nini. Bila jalizi hiyo, mchezaji aliyeko Unguja asingeweza kucheza na ndugu yake aliyeko Muscat, na barua zilizokuwa zikinijia kuhusu mechi za namna hiyo ndizo zilizonifanya nisiitupe gemu nzima. Kuhusu kiongezeo cha Android cha dola 130, kampuni iliandika kwamba kimeboreshwa, na maelezo yakaishia hapo.

Malipo yenyewe yalitaka subira. Benki yangu hapa Dar es Salaam ilikuwa imeifunga kadi kwa manunuzi ya mtandaoni, ikabidi niende tawini kujaza fomu ili ifunguliwe. Kwa kiwango cha wakati ule, dola 210 zilifika karibu shilingi 480,000.

Kuhamisha kazi kulichukua siku tisa. Toleo jipya lilifungua faili za zamani bila kugoma, lakini amri kadhaa zilikuwa zimeondolewa na programu ikaweka mahali pake vipande vya msimbo vya kuziba pengo, ambavyo vilifanya kete zisambae kwa kusitasita. Niliviondoa kimoja kimoja. Nawasihi wenzangu walitunze sana faili la ufunguo wa sahihi, linalothibitisha kwa duka kwamba gemu imetoka kwako, walilotumia kuiweka gemu dukani mara ya kwanza, pamoja na nywila yake. Toleo jipya lilitaka kutengeneza ufunguo mpya lenyewe, na kama ningelikubalia, duka lingelikataa sasisho langu kwa kuwa sahihi isingelingana na ile ya mwanzo. Nilikuwa nimeihifadhi nakala kwenye diski ya nje, nayo iliniokoa.

Baada ya hapo nilitazama wengine wanauzaje. Unity iliwahi kuuza kwa mtindo huohuo: hadi Mei 2013 hata viongezeo vya kawaida vya Android na iOS vililipiwa, na katika toleo la 4 leseni ya Pro, ile ya kulipia, ilikuwa dola 1,500, kiongezeo cha Pro cha Android dola 1,500 nyingine, na cha iOS vivyo hivyo. Mwaka 2016 ikaviunganisha vyote katika usajili mmoja. Usajili nao una hatari zake, kwani Septemba 2023 kampuni hiyo ilitangaza ada kwa kila usakinishaji wa gemu, na ikaifuta mwaka mmoja baadaye. GameMaker, iliyouza moduli za Android, iOS na wavuti mojamoja kwa miaka mingi, iliachana na mtindo huo mwaka 2021 ikaingia kwenye usajili, kisha Novemba 2023 ikabadilisha tena: sasa ni bure kwa asiyefanya biashara, na anayefanya biashara hulipa mara moja dola 99.99 kwa majukwaa yote isipokuwa konsoli, yaani mashine maalumu za kuchezea gemu kama PlayStation. Godot ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, tangu mwaka 2014, na sehemu zake za kutolea gemu za Android na wavuti hupakuliwa bila malipo. Konsoli hazimo, kwa kuwa watengenezaji wa konsoli hawaruhusu msimbo wao uwekwe hadharani. Ila mtu asidhani kwamba kuhama toleo huko hakuna gharama. Godot 4 ilipotoka Machi 2023, jalizi nyingi zilizoandikwa kwa toleo la 3 hazikufanya kazi mpaka zilipoandikwa upya, na saa za kazi hiyo hutolewa na mtu fulani, awe mwandishi wa jalizi au wewe mwenyewe. Tofauti ni kwamba msimbo unao mkononi, na mwandishi akitoweka unaweza kuirekebisha jalizi kwa mikono yako.

Kwa anayetaka kununua programu yenye viongezeo, swali la kumuuliza muuzaji kwa maandishi kabla ya kutoa kadi ni hili: je, leseni ya kiongezeo imefungwa kwenye akaunti yangu au kwenye namba ya toleo? Akikujibu kwamba ni kwenye namba ya toleo, gawanya bei kwa miaka ambayo toleo hudumu, kisha ulinganishe na usajili wa wengine. Kwa jalizi za watu binafsi, tazama tarehe ya sasisho la mwisho na uangalie kama msimbo wake wa asili umejumuishwa. Ile ya sauti niliyoipoteza haikuwa nao.

Programu yenyewe naipa alama nzuri hadi leo, na toleo jipya lilikuwa bora kuliko la zamani katika kila kitu nilichokigusa. Utaratibu wake wa viongezeo siupi hata alama moja. Toleo jingine kubwa limekwisha kutoka, na kiongezeo cha Android kinauzwa tena peke yake. Sikukinunua. Nimeanza kuliandika bao upya ndani ya Godot: ubao wenye mashimo 32 umekamilika, namua, hatua ya kwanza ya mchezo, inafanya kazi bila kosa, na kwa sasa niko kwenye mtaji. Sehemu ya kuunganisha wachezaji ninaiandika mwenyewe.