Kazi katika benki kubwa ya kimataifa: maslahi mazuri, subira lazima

Niko kitengo cha malipo ya nje. Mshahara hauchelewi, bima ya afya inahudumia familia nzima, na likizo ya wiki mbili mfululizo ni ya lazima, maana mtu akiwa hayupo ndipo madudu yake huibuka. Hilo nalipenda. Kinachochosha ni idhini. Malipo niliyoingiza siwezi kuyapitisha mwenyewe, sawa kabisa. Lakini jina la mteja likifanana na la mtu aliyewekewa vikwazo, ujumbe wa SWIFT, mtandao ambao benki hutumiana maagizo ya malipo, unakwama papo hapo, na mwenye kuufungua yuko bara jingine, amelala. Anayepigiwa simu na mteja ni mimi! Kupanda cheo? Ujuane na watu wa makao makuu.