Upote wa upinde nikiwa Arua: niliyonunua, niliyosokota, na ninayoitumia sasa

Nianze na jibu, maana wengi mnatafuta jibu tu. Kama una upinde wa jadi wenye mvuto wa pauni 40 hadi 50 na unaishi Uganda, agiza spuli ya uzi wa Dacron aina ya B-55, nta ipate kwa wafuga nyuki, upote usokote mwenyewe. Mwenye haraka aishie hapo. Mwenye nafasi aketi nimweleze, kwa sababu karibu kila aina ya upote inayoweza kufika Arua kwa basi la usiku imeshapita mikononi mwangu.

Neno moja kuhusu sheria, halafu tusirudi huko. Kuwinda bila kibali cha UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, ni kosa, ushike bunduki, mkuki au upinde, na Sheria ya Wanyamapori ya 2019 inafika hadi kifungo cha maisha kwa wanyama walio hatarini kutoweka. Uwindaji wa wageni wenye leseni ulirudishwa kwa majaribio mwaka 2001 kandokando ya Ziwa Mburo, lakini ule una bei yake na wenyewe. Hata Batwa wa Mgahinga, waliopoteza msitu wao ulipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, siku hizi wanarusha mishale ili watalii waone. Kwa hiyo mnyama wangu mimi ni gunia lililoshindiliwa mitumba mibovu na kaveera (mifuko ya plastiki), limeegemea kichuguu nyuma ya shamba la muhogo. Vifaa lakini nimevichagua kwa macho ya mwindaji: viwe kimya, vivumilie mvua, visinitie aibu kwenye mshale wa kwanza.

Nina pinde mbili. Mmoja ni Samick Sage, rikavu (upinde ambao ncha zake zimekunjwa kwenda mbele), wa inchi 62, pauni 40, ule unaofunguka vipande vitatu ukaingia begini na kondakta asiulize kitu. Wa pili ni upinde mrefu wa zamani, pauni 48, niliununua kwa Mzungu aliyekuwa anahama Entebbe; umepakwa faibaglasi mbele na nyuma lakini ncha zake ni mbao tupu. Sage ncha zake zimeongezewa nguvu kiwandani. Tofauti hiyo ya ncha ndiyo inayoamua uvae upote gani, na muuzaji hata mmoja hakuniuliza habari zake.

Upote wangu wa kwanza ulikuwa wa kununua tayari, kutoka kwa muuzaji wa mtandaoni ambaye sitamtaja. Tangazo lilisema ni wa upinde wa inchi 62. Kifurushi kikafika, nikapima: upote wenyewe ndio ulikuwa na inchi 62! Kwa kipimo cha AMO, chama cha Wamarekani cha watengenezaji wa vifaa vya upinde, ambacho ndicho huandikwa kwenye pinde nyingi, upote wa rikavu huwa mfupi kwa inchi 4 kuliko namba ya upinde, na wa upinde mrefu huwa mfupi kwa inchi 3. Sage wangu anataka inchi 58. Ukiuvalisha upote mrefu kupita kiasi, unalala karibu na mpini badala ya kusimama mbali nao inchi 7.5 hadi 8.25 inavyotakiwa, na kila mshale ukitoka upote unakuchapa mkono. Unaweza kuusokota ufupike, ila inchi 4 nzima hazisokotwi. Utabaki na kitu cha kufungia mbuzi. Nilimwandikia, akanijibu kwamba upinde wangu ndio mbovu. Nyota moja, na hiyo nampa kwa ajili ya bahasha.

Ndipo nikaagiza spuli. Dacron ni poliesta, na sifa yake ni kunyumbuka kidogo. Mshale ukishatoka, upote husimama ghafla, na lile pigo lote huenda kwenye ncha za upinde. Uzi unaonyumbuka hulimeza sehemu ya pigo hilo. Kwa upinde wa zamani wenye ncha za mbao tupu hakuna mjadala, ni Dacron au usivute kabisa. Nimetumia B-50 ya Brownell na B-55 ya BCY. Zote ni za ukoo mmoja, ila B-50 ilikuwa ikinirefukia siku za mwanzo, kila jioni nausokota tena upote kuurudisha mahali pake. B-55 ilitulia mapema, nikabaki nayo.

Watu hushangaa idadi ya nyuzi. Uzi mmoja wa B-50 hukadiriwa kubeba kama pauni 50, kwa hiyo nyuzi 14 ni kama pauni 700. Upinde wa pauni 48 unazitakia nini? Kwanza, pigo la kusimama ghafla linazidi sana mvuto wa mkono wako. Pili, na hili ndilo utaligusa kila siku, noki ya mshale, yaani ule mpasuko wa mkiani, inahitaji unene wa kushika. Sage namvalisha nyuzi 12, ule mrefu 14. Kipimo changu ni hiki: mshale uning'inie kwenye upote bila kushikwa, na ukiupiga upote kwa kidole uanguke. Ukikataa kuanguka, noki imebana na mshale utatoka umepinda. Ukianguka wenyewe, shida ni kubwa zaidi, kwa sababu noki inaweza kuchomoka ukiwa umeshavuta, na upinde ukajipiga mtupu. Hapo ndipo pinde huvunjika.

Usokotaji wenyewe ni wa mtindo wa Kiflemish. Unakata mafungu mawili ya nyuzi, kila moja rangi yake, marefu kuliko upote unaoutaka kwa kama inchi 18. Miisho ya nyuzi unaipishanisha ili mkia uchongoke, unapaka nta ya kutosha, kisha kila fungu unalisokota kuelekea mbele na kulivusha juu ya mwenzake kurudi kwako. Misokoto miwili inayopingana inajifunga yenyewe. Kikishapatikana kitanzi, mikia unaiingiza ndani ya mafungu na kuendelea. Mzee jirani yangu, aliyesokota kamba za ng'ombe tangu ujana wake, alinitazama nikihangaika na video ya simu, akaninyang'anya. Akasokota juu ya paja, haraka, bila hata kuangalia.

"Mwanangu, hii ni kamba tu," akasema. "Ulilipia nini?"

Nililipia uzi, mzee wangu. Ufundi tunao, malighafi ndiyo haipo dukani. Na uzuri wa upote wa namna hii ni kwamba unarekebishika: ukiongeza misokoto unafupika na kwenda mbali na mpini, ukipunguza unarudi. Mimi huanza chini, karibu inchi 7.5, naongeza misokoto michache michache huku nasikiliza. Kuna mahali upinde unaacha kupiga kelele. Pakishapatikana, weka alama ya kalamu kwenye kijiti cha kupimia, usibishane na vitabu.

Nta usiagize ng'ambo. Huku West Nile asali tunayo, na nta wenye mizinga wanakuuzia kwa bei ya kuonea aibu. Ipake, kisha sugua kwa kipande cha ngozi mpaka vidole vihisi joto, ili iyeyuke iingie ndani ya nyuzi. Uzi wa kuzungushia katikati ya upote, pale vidole vinaposhika, nimejaribu wa kuagiza na nimejaribu ule wa nailoni wenye nta wa mafundi viatu pale sokoni. Wa fundi viatu unalika mapema kidogo. Lakini unalika ukiwa umeshafanya kazi nzuri, na kuuzungushia upya ni kazi ya muda wa chai.

Sasa hizi nyuzi za kisasa zisizonyumbuka, ambazo kila kijana anaziulizia. Nilijaribu FastFlight Plus kwenye Sage, kwa sababu ncha zake zinaruhusu. Ni uzi mwembamba wa jamii ya Dyneema, una nguvu kupita Dacron, na haunyumbuki kama yenyewe. Vitanzi lazima uviongezee nyuzi viwe vinene, la sivyo vinaikata ncha. Mshale unaondoka kwa kasi zaidi, hilo kweli, lakini mimi nililiona kuanzia mita 25 kwenda mbele tu, na sauti ya upote ikawa kali. Kuna jambo lingine ambalo wasifiaji hawalitaji: ukibadilisha upote umebadilisha na mishale. Mshale hupinda kidogo unapoupita mpini, na nguvu ikiongezeka unapinda zaidi. Mishale yangu iliyokuwa ikienda sawa kwa Dacron ilianza kwenda kulia, maana mimi navuta kwa mkono wa kulia, na mshale uliokuwa na ugumu wa kutosha sasa ukawa kama laini. Ningelazimika kununua mishale mingine ili kufurahia futi chache za mwendo. Kwa mtu wa mashindano, sawa. Kwangu hapana, nikaurudisha Dacron. Nyota nne kwa ubora, mbili kwa kunifaa.

Kuna waliosema, mbona unahangaika na posta wakati Panyimur kuna wavuvi na nyuzi tele? Nailoni ya nyavu ina nguvu lakini inavutika mno. Unavaa upote asubuhi, mchana umeshasogea kwenye mpini. Ile kamba ya kisasa ya kuvulia iliyosukwa ni habari nyingine, nyingi ni za jamii ileile ya Dyneema, lakini ni nyembamba na telezi, na huwezi kujua kwa hakika umeuziwa nini. Siiweki kwenye upinde ninaoupenda.

Kano nazo nimejaribu, kwa hamu tu. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi kule Tanzania wanavalisha pinde zao kano za wanyama, na ng'ambo ya mpaka wetu Wambuti wa Ituri wanatumia ukanda wa henzirani. Mwenye bucha alinipa kano ndefu za mgongo wa ng'ombe, nikazianika, nikazigonga kwa rungu mpaka zikachambuka nyuzi, nikazilowesha na kusokota. Upote ule ulikuwa mzuri kuliko yote kwa macho, na wakati wa kiangazi ulivuta vizuri kweli. Mvua za Aprili zikaja. Kano zikinyonya maji zinalegea, zikikauka zinakaza, na hali ya hewa ya Arua kwa siku moja inaweza kufanya yote mawili. Upo ukutani sasa, wageni wanausifu.

Vitu vingine kwa kifupi. Kamba ya kuvalishia upote usiikose. Kuupinda upinde kwa mguu ndiko kunakopindisha mikono yake. Alama ya noki kwenye upote anzia kama nusu inchi juu ya usawa wa kilalio cha mshale, kisha sogeza kidogo kidogo. Kuzuia sauti, vipande vyembamba vya tyubu ya baiskeli vimefungwa karibu na kila ncha vinatosha, ila visiwe vizito, vinakula mwendo. Mishale yangu ni ya alumini namba 1916, yaani upana wa 19 kwa 64 za inchi na unene wa ukuta elfu 16 za inchi. Nachunga uzito usipungue grein 10 kwa kila pauni ya upinde. Kwa Sage ni grein 400, kama gramu 26, na mizani ndogo za wanunuzi wa dhahabu mjini zinapima hilo bila taabu. Manyoya ni ya bata mzinga, yakitoka bawa la upande mmoja kwa kila mshale. Usiweke mabawa ya plastiki kama mshale wako unalala juu ya mpini wenyewe, yatagonga.

Gharama: spuli ya robo pauni ya B-55 ilinigharimu chini ya dola 30 bila usafiri, lakini URA, watoza kodi wa Uganda, nao wana sehemu yao, VAT asilimia 18 na ushuru juu yake, kwa hiyo unganeni watu wawili watatu mwagize pamoja. Spuli moja inatoa pote nyingi kuliko mtakavyohitaji. Kila mara sokota mbili, wa akiba uupige mishale kadhaa utulie kwanza, ndipo uuweke kwenye kaveera pamoja na karatasi yenye urefu wake. Rangi, chukueni nyeusi na kahawia, kwa sababu mafungu ya rangi mbili hayakuchanganyi unaposokota, na nyeupe haiwezi vumbi letu jekundu.