Nyota nne kwa Wrigley Field, kutoka kwa mtani wa St. Louis

Niseme mapema nisije nikalaumiwa: mimi ni mwekundu. Nimekulia Kariakoo, hatua chache kutoka Mtaa wa Msimbazi, Simba nimeirithi kwa baba, na tangu nihamie St. Louis, Marekani, mwaka 2005 wekundu wangu wa pili ni Cardinals, timu ya besiboli ya hapa. Mwaka uliofuata tulichukua ubingwa, 2011 tukachukua tena, nikadhani ndivyo mchezo huu ulivyo. Kwa hiyo mtu wa Cubs, watani wetu wa Chicago, asitegemee nimpambie uwanja wake wa Wrigley bure. Ila deni ni deni, na maelezo haya ni sehemu ya malipo.

Anayenidai ni jirani yangu, mzee wa miaka sabini na ushee, mzaliwa wa Chicago. Amekaa mtaani kwetu miaka mingi kuliko mti wa mbele ya nyumba yake na hajawahi kuvaa nyekundu hata soksi. Yeye ndiye aliyenifundisha besiboli, si watu wa timu yangu. Jioni za kiangazi alikuwa ananiita barazani, redio ikiunguruma, ananieleza kwa nini mrushaji ametolewa, kwa nini mpigaji huyu kaachiwa aende besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza, bila kupiga. Mechi zenyewe alizokuwa akinifundishia zilikuwa za timu yangu, maana St. Louis redio ni ya Cardinals. Alivumilia.

Oktoba 2015 Cubs walitutoa kwenye mtoano, mara ya kwanza kukutana nao hatua hiyo. Kwa hasira nikamwambia: siku mkichukua World Series, fainali ya ubingwa wa besiboli, nitakupeleka Wrigley kwa pesa yangu, na nitavaa kofia yenu inningi nzima, yaani kipindi kimoja kati ya tisa vya mechi. Niliahidi kama mtu anayeahidi ng'ombe siku kuku akiota meno. Hawa watu mara ya mwisho kuchukua ilikuwa 1908. Kinjikitile wa Maji Maji alikuwa amenyongwa miaka mitatu tu kabla.

Basi kuku akaota meno. Tarehe 2 Novemba 2016, mechi ya saba, Cleveland, tuko sebuleni kwake. Cubs wametoka nyuma mechi tatu kwa moja hadi sare. Wanaongoza. Inningi ya nane Rajai Davis wa Cleveland anampiga Chapman, mrushaji wa Cubs, homurani, mpira unavuka ukuta, sita kwa sita. Mzee akanyanyuka bila neno akaenda jikoni, akasimama ameliangalia friji. Hakulifungua. Mvua ikanyesha, mchezo ukasimama dakika 17, na katika dakika hizo Jason Heyward wa Cubs akawakusanya wenzake chumba cha mazoezi akawapa maneno. Heyward huyo mwaka mmoja nyuma alikuwa wetu! Inningi ya kumi, ya nyongeza, Zobrist wa Cubs akapiga, wakapata, nane kwa saba. Mpira wa mwisho Bryant aliuokota huku mguu unateleza, akamrushia Rizzo, na Rizzo akautia mfuko wa nyuma wa suruali kama mtu aliyepewa chenji.

Mzee hakupiga kelele. Alivua miwani akaishika mkononi.

Mimi nilikuwa na kejeli zangu tayari, nimeziweka msimu mzima. Nilikuwa na ile ya Lou Brock, mchezaji wao waliyetupa wenyewe mwaka 1964 akaja kututajirisha. Nilikuwa na ile ya mbuzi: mwaka 1945 mwenye baa mmoja, Billy Sianis, alikwenda uwanjani na beberu wake kwenye World Series, mbuzi akazuiwa, Sianis akawalaani. Miaka yote hiyo watu wazima wakaishi na gundu la beberu! Nilikuwa namwambia mzee kwamba Kariakoo yule mnyama angekuwa pilau kabla laana haijaanza kazi. Usiku ule zote zilikauka. Nikampa mkono wa kulia, nikausindikiza na wa kushoto, nikasema, "Hongera mzee wangu. Mmetoa gundu." Akajibu, "Thank you, son," kisha baada ya muda, "Unakumbuka ulichoahidi?"

Wasiokulia kwetu wananiuliza kwa nini mshabiki wa Cardinals ahangaike kupongeza. Mimi Mzaramo. Mzaramo akifiwa, Mnyamwezi anaingia msibani na matusi yake, anazuia jeneza mpaka apewe chochote, halafu ndiye anayeshika jembe. Mtani anayekuja kwenye kejeli tu, siku ya shughuli haonekani, huyo ni mbaya wako. Kutoka 1908 mpaka 2016 tumewacheka hawa watu. Tungenyamaza siku yao tungekuwa tumekula bila kuchangia.

Shughuli yenyewe ilikuja siku tatu baadaye. Nilikuwa Chicago kwa arobaini ya rafiki yetu, na mzee, ambaye goti lilikuwa limetoka kupasuliwa, akaniomba kitu. Alikuwa ameona kwenye televisheni watu wanaandika kwa chaki kwenye kuta za matofali za Wrigley majina ya wazazi na mababu waliokufa bila kuuona ubingwa. Akaniomba nikaandike la mama yake. Mama huyo alizaliwa 1919 akafariki 1998. Maisha mazima yaliingia katikati ya 1908 na 2016 bila kugusa upande wowote.

Sasa, kuhusu Wrigley nimesoma mengi: uwanja wa mwaka 1914, jina la ukoo uleule wenye PK na Big G tulizokuwa tukinunua dukani shilingi kwa moja. Hakuna kilichonitayarisha kwa ukuta ule. Upande wa Mtaa wa Waveland na wa Sheffield, matofali mekundu yalikuwa hayaonekani. Majina juu ya majina. "Babu, tumefika." "Kwa baba, aliyesema mwakani." Watu wamebebana mabegani kutafuta nafasi juu. Mimi nimevaa kofia ya Cardinals, nilisahau kuivua, na nimekuja bila chaki. Mama mmoja aliyekuwa na binti mdogo akaiangalia kofia, akaniangalia, nikamweleza. Binti akanivunjia kipande chake cha bluu.

Nafasi niliyoipata ilikuwa chini, usawa wa goti, kati ya mtu wa Iowa na kipenzi cha mtu kilichoandikwa kwa herufi ya kwanza tu. Nikapiga magoti. Tofali ni korofi, linakula chaki kama msasa. Herufi ya tatu kipande kikaisha nikalazimika kuomba kingine. Jina lina herufi saba. Chini yake nikaandika 1919–1998, nikapiga picha, nikamtumia mzee. Hakujibu mpaka kesho yake. Jamaa mmoja mkubwa mwenye jezi ya Rizzo akaniinua kwa kwapa, maana mguu ulikuwa umekufa ganzi, akasema ni mara ya kwanza kuona nyekundu inafanya kazi ya maana pale. Utani umefika, nikajua niko nyumbani.

Haya, uwanja wenyewe siku ya mechi. Jumamosi tarehe 3 Juni 2017, Cardinals ugenini, mzee na goti lake jipya, mimi na funga yangu, maana Ramadhani ilikuwa ndiyo kwanza imeanza.

Usafiri kwanza: treni kutoka St. Louis mpaka Union Station ya Chicago wakati ule ilikuwa mwendo wa saa tano na nusu hivi, mashamba ya mahindi mwanzo mwisho. Njiani mzee alitoa mpira wa besiboli kwenye begi akanitia kiganjani. Una mishono 108 ya uzi mwekundu. Akaanza kuipitia kwa kucha ya dole gumba, huu 1909, huu 1910, akifika 1945 anasimama anamtukana mbuzi, akifika 1969, mwaka walioporomoka mwishoni, anasonya. Nikamkumbusha uzi wenyewe ni mwekundu. Akafunika mpira. Ukifika Chicago usijaribu gari. Panda treni ya Red Line, shuka Addison, ukishuka ngazi uwanja uko mbele yako katikati ya nyumba za watu, kama Msikiti wa Manyema ulivyokaa na maduka yake.

Tiketi nililizwa. Si uwanja, ni programu moja ya kuuzia tiketi kwenye simu, sitaitaja, iliyoniuzia viti viwili bila neno "nguzo". Wrigley ni jengo la zamani, paa linashikiliwa na nguzo za chuma, na baadhi ya viti viko nyuma yake. Wenyeji wanalijua hilo na wauzaji waungwana wanaandika. Mimi nilikaa nikaona mrushaji ana mkono mmoja. Ada walizoongeza mwishoni, nikiwa nimeshaingiza kadi, ndizo zilinikera kuliko nguzo. Nguzo ina umri wake, ada ni uchoyo tu. Ukinunua, uliza kwanza kiti kiko safu gani na nguzo iko wapi.

Chakula siwezi kukisemea kwa ulimi wangu, naripoti ya mzee. Alinunua soseji ya Chicago kwenye mkate: haradali, kachumbari ya kijani inayong'aa kama rangi ya ukuta, kitunguu, nyanya, tango la siki, pilipili ndogo nzima, na chumvi ya figili (celery) juu. Tomato sosi hakuna, na ukiiomba utaangaliwa kama umeomba sukari kwenye ugali. Alikula mbele yangu polepole, kwa makusudi, akanisomea kila kiungo.

Vitu vya kuangalia: ubao wa matokeo, wa mwaka 1937, hautumii umeme kubadilisha alama za timu. Kuna watu ndani yake wanaopachika vibao kwa mkono. Ukitulia unaona mkono unatoka dirishani, unachomoa sifuri, unapachika mbili. Nilimaliza nusu inningi nauangalia ule mkono. Ukuta wa nyuma umefunikwa na majani yatambaayo, Juni ni kijani kibichi kabisa, na mpira ukizama humo mlinzi ananyanyua mikono juu na mpigaji anapewa besi mbili. Taa za usiku waliweka mwaka 1988 tu. Vyoo vya wanaume, kwa wanaojali faragha, vina birika refu la chuma la pamoja. Nenda umejiandaa kisaikolojia. Nje kuna sanamu ya Harry Caray, na nilimwonyesha mzee kwamba huyo alitangaza mechi zetu miaka 25 kabla hajawa mtakatifu wao. Akasema anajua. Akasema kila mtu ana ujana.

Wahudumu niwape haki yao. Aliyetuongoza kwenye viti, mama wa makamo, aliona goti la mzee na fimbo, akaja mwenyewe inningi ya tatu kutuhamishia safu yenye nafasi, bila nguzo. Kofia yangu nyekundu aliiona vizuri. "Na wewe pia," akasema, kama mtu anayesamehe.

Sasa ile inningi. Ahadi ilikuwa nivae kofia yao inningi moja, nichague mwenyewe. Nikachagua ya saba, nikihesabu kwamba katikati yake kwa desturi watu husimama kuimba, nani ataniona. Tulikuwa tunaongoza. Mzee akanivisha kwa mikono yake, akaishusha mpaka masikioni. Wakaimba, wakakaa. Besi zikajaa. Akaja Kyle Schwarber wa Cubs. Nilijua kabla gongo halijagusa mpira, unajua ile sauti, mbao kavu, hainaga mjadala. Mikimbio minne, yaani alama nne, kwa mpigo mmoja, na mimi nimesimama katikati ya watu elfu arobaini nimevaa kofia ya bluu. Jamaa wa nyuma ananikumbatia, hajui. Mzee anacheka mpaka fimbo imemdondoka. Mechi ikaisha tano kwa tatu.

Wakapandisha bendera nyeupe yenye W, ya "win", yaani ushindi, juu ya ubao. Zamani ilikuwa ya kuwaambia watu waliomo kwenye treni matokeo. Leo wote wana simu na bado wanaipandisha, na wote wanageuka kuitazama. Nami niligeuka.

Kabla ya kutoka tulizunguka mpaka Waveland. Chaki ilikuwa imeshaondoka siku nyingi, matofali masafi. Nilihesabu kutoka kona mpaka pale nilipopigia magoti, nikamwonyesha. Mzee aliweka kiganja usawa wa goti kwa shida, akakiacha kidogo. Palikuwa na mtu anauza karanga pembeni yetu na hakutuharakisha.

Kwa watu wa Cubs wanaosoma: hongereni, kwa roho safi, mmengoja kwa adabu kuliko sisi tungengoja. Mwaka huo wa 2017 Simba yangu ilikuwa na miaka mitano haijaliona kombe la ligi na tayari nilikuwa nimeshagombana na ndugu wawili. Nyota nne. Moja nimeikata kwa sababu ya Schwarber. Na mzee ajue kwamba tumewekeana tena: Cardinals wakichukua kombe la 12 anakuja na mimi Busch, uwanja wetu, akiwa mwekundu juu mpaka chini. Kofia nimeshanunua, saizi namba saba na robo, iko kabatini kwake, kakubali kuitunza ila kaifunga kwenye mfuko mweusi.